Kikapu cha Baba Benedicta

Hapa Kihesa hakuna mwanamke mwenye moyo wa kusamehe kama mimi, Faustina. Waulize watu wote. Ila usimwulize mdogo wangu, ambaye hatujasalimiana tangu mazishi ya mama, wala jirani yangu mwenye kuku, wala mume wangu Liberatus, Baba Benedicta. Hao wana yao.

Liberatus alivuta sigara chumbani kwetu miaka yote ya ndoa. Baridi ya Iringa mnaijua, mwezi wa sita na wa saba dirisha halifunguliwi, kwa hiyo ule moshi nilikuwa nalala nao kama mke mwenza. Na mimi zamani nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani. Taratibu sauti ikaanza kukwaruza, halafu ikawa inakatika katikati ya wimbo, na Pasaka moja ikagoma kabisa mbele ya padri na waumini wote. Tulipotoka nje nikamsikia mume wangu anawaambia wenzake, "Leo yule alikuwa anaimba au anaita mbwa?" Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nikaenda nyumbani, nikapika, nikapakua, nikasubiri.

Nilisubiri sana.

Mwaka huu kifua kikambana. Hospitali daktari hakuzunguka: mapafu yamechoka, akiendelea na sigara atamalizia maisha kitandani na mtungi wa oksijeni. Akatupeleka kwa nesi Tusekile, binti wa Mbeya, kwao mtaa wa Soweto. Nikajua sasa atafokewa, nikakaa vizuri nisikose hata neno. Wapi! Yule binti akamwuliza kwa upole hamu inambana wapi zaidi, kama alishajaribu kuacha, na kilimshinda nini. Liberatus akajibu kama mtoto wa komunyo: kwenye chai ya asubuhi, na kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, kilabuni kwa Yotamu. Wakachagua pamoja siku ya kuacha, Jumatatu. Mimi nikakereka.

Alipokwenda kupigwa picha ya kifua, nesi akanigeukia.

"Bibi, nyumbani wewe ndiye msaidizi wake. Toa sigara zote na kibati cha majivu. Kilabuni apumzike kwanza. Hamu ikija, anywe maji, avute pumzi, mikono yake isikae bure. Ile hamu inapita yenyewe. Na tafadhali, usimgombeze."

"Siwezi kumgombeza, mwanangu," nikasema. "Nitamfikishia maagizo yako yote."

Njiani nilikuwa natembea kama msichana.

Jumatatu asubuhi hamu ikamkamata, anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwekea mbele fungu la milulu, yale majani tunayosukia vikapu. Kwetu Uheheni kikapu anasuka mwanamke. Mwanaume akionekana anasuka, habari inafika Ipogolo, kule chini ya mji, kabla hajamaliza kitako.

"Nesi kasema usuke," nikamwambia.

"Kikapu?"

"Mikono isikae bure. Tena barazani, upate hewa."

"Baraza la mbele? La barabarani?"

"Hewa ya nyuma kasema siyo nzuri kwa kifua. Na ujifunge kitenge kiunoni, milulu isichafue suruali."

Akajifunga. Kile chenye maua mekundu.

Yotamu akawa wa kwanza kupita. "Kamwene, shangazi!" akamsalimia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Mchumba wako unampelekea lini hicho kikapu?" Jioni walikuja wengine wawili, wanajifanya wanatafuta mbuzi. Mimi niko dirishani na kikombe changu cha chai, nasikiliza kicheko kilekile cha Pasaka, sasa kimebadili njia. Sijawahi kunywa chai tamu namna ile.

Nikaongeza. Nesi kasema uchambue maharage. Nesi kasema unikande miguu kila jioni, vidole vipate mazoezi.

Mpaka siku moja akatupa kikapu chini. "Afadhali nivute nife kama mwanaume!" Akaondoka na kitenge chake kuelekea kwa Yotamu. Mimi nilitaka aaibike, sikutaka afe. Maiti haioni aibu.

Alirudi kabla maharage hayajaiva. Nikamnusa. Hakuna moshi.

"Yotamu kanipa sigara," akasema, anaokota milulu. "Ilifika mdomoni. Nikamfikiria yule binti. Daktari kaniona mapafu, Mama Benedicta. Yule kaniona mtu. Siwezi kumwangusha."

Basi nikaelewa mambo yalipokaa. Kilichomshikilia ni neno la nesi, na neno la nesi nilikuwa nimelitia maji. Akijua, anarudi kwa Yotamu.

Siku ya kurudi hospitali nikamwambia kikapu akiache. Akakibeba. Nikamwambia nesi ana haraka, asiongee sana. Akavaa koti.

Nesi Tusekile akamsikiliza kifua, akatabasamu. "Babu, hongera! Umewezaje?"

"Kwa dawa yako, nesi." Akampa kikapu kwa mikono miwili. Nikakohoa kwa nguvu.

"Dawa gani, babu?"

"Si ile uliyoagiza? Kusuka baraza la mbele, na kitenge kiunoni."

"Mimi?" Nesi akaniangalia. "Nilisema mikono isikae bure. Hata kumenya karanga, babu!"

Liberatus akanigeukia polepole. "Mama Benedicta."

"Labda alikuwa nesi yule mwingine," nikasema. "Yule mnene."

"Bibi, chumba hiki niko peke yangu."

Nesi akamshika mkono haraka. "Babu, usinirudie kwenye sigara kwa hasira. Umeacha wewe, siyo kikapu."

"Nirudie sigara?" Liberatus alikuwa bado ananitazama mimi. "Nesi, sasa ndiyo nataka kuishi sana. Nina kazi na huyu mwanamke. Ila niambie jambo moja la mwisho. Kumkanda miguu kila jioni?"

"Hilo alisema!" nikawahi. "Hilo nakumbuka vizuri kabisa."

Nesi Tusekile akatikisa kichwa.