Karatasi za Kumzolea Mkasi

Wenye mbwa wa mtaa ule walikuwa wa aina mbili: wanaozoa na wanaotazama juu. Wa pili ndio walikuwa wengi. Mbwa akichuchumaa tu, wao hukumbuka ghafla kuangalia mawingu, au simu, au kiatu, na akishamaliza huondoka na sura ya mtu anayesikitishwa na uchafu wa mji. Fundi hakuwa wa kundi hilo. Mbwa wake hajanyanyuka vizuri, yeye keshainama, goti linalalamika, karatasi mkononi, anazoa.

Mbwa aliitwa Mkasi. Jina alipewa na mke wa Fundi, kwa sababu alipokuwa mdogo hakuna kitambaa kilichoanguka sakafuni kikasalimika. Mke alifariki, akamwachia mumewe vyumba viwili vya ghorofa ya chini, cherehani iliyofunikwa shuka, na mbwa. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama baba amekula. Amekula. Baada ya hapo walikosa la kusema, wakabaki kusikilizana pumzi mpaka binti aage.

Kwa hiyo salamu za Fundi zote zilitokana na mbwa. "Mkasi hajambo?" watu walimwuliza uani. "Hajambo," alijibu, na hapo mazungumzo yakaisha. Hakuna aliyeuliza kama mwenye mbwa naye hajambo. Hata hivyo alizihesabu salamu hizo, nne kwa siku, siku nzuri sita, na akirudi ndani alimwambia Mkasi idadi yake kwa sauti.

Sasa, zile karatasi. Macho yalipomshinda akafunga duka, Fundi alirudi nyumbani na furushi la karatasi za kaki alizokuwa akichorea na kukatia nguo za wateja. Kila moja ilikuwa na vipimo vya mtu, na pembeni maneno mawili matatu ya siri ya fundi. Zilikuwa ngumu, kubwa, na hazina kazi tena. Akaona zinafaa kabisa kumzolea mbwa. Wazo lilikuwa zuri, ila mzee wa watu alisahau kwamba karatasi hizo zinasomeka.

Siku moja upepo ukapindua pipa la taka, karatasi zikatapakaa uani. Jioni hiyo mwenyekiti wa wapangaji, mama mmoja muuguzi aliyekaa ghorofa ya tatu, aliwaita watu wote chini. Alikuwa ameshika kipande cha kaki kwa ncha za vidole.

"Fundi, hii ni nini?"

"Karatasi, Mama."

"Naiona. Hebu tusomee."

Fundi akavaa miwani. "Muuguzi wa juu," akasoma. "Kiuno, amesema thelathini na mbili."

"Endelea."

"Kwani lazima, Mama?"

"Endelea, Fundi."

"Ukweli thelathini na saba. Acha nafasi, anaringa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Muuguzi hakucheka. "Miaka yote hiyo navaa magauni yako kwa raha zangu, kumbe!"

"Ndiyo maana yalikukaa, Mama," Fundi akasema, akidhani anaokoa jahazi. Alikuwa amelitoboa.

Uamuzi ukatoka palepale. Ikionekana karatasi moja tena yenye mwili wa mpangaji, au kinyesi kimoja kilichoachwa chini, Mkasi anaondoka. Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameaibishwa mbele za watu, na aliyeaibishwa huwa mkali. Tangu jioni hiyo hakumsalimia mzee, na wengine wakafuata. Hata Mkasi hakuulizwa tena kama hajambo.

Fundi alichoma karatasi za wapangaji wote ndani ya kopo. Akabaki na za watu wa mbali, na hizo nazo alizikata kwanza sehemu zenye maandishi. Zikaenda zikipungua. Angeweza kuomba magazeti makuukuu kwa majirani. Jambo dogo hilo, lakini kuomba gazeti kunataka kugonga mlango, na kugonga mlango kunataka uwe na la kusema ukifunguliwa. Mara mbili alipanda mpaka ghorofa ya pili, akasimama, akasikia watu wakizungumza ndani, akashuka.

Asubuhi moja furushi likawa limekwisha. Ilibaki karatasi moja chini ya cherehani, ambayo hakuwa na nia ya kuigusa, na ukurasa mmoja wa gazeti lililofungiwa sabuni. Mkasi alikuwa akikwaruza mlango. Fundi akachukua ukurasa ule. Kisha, kwa hofu tu, akaikunja ile karatasi nyingine na kuitia mfuko wa shati.

Gazeti lilitumika kwenye kona ya mtaa, vizuri kabisa, nao wakageuza kurudi. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo tumbo la Mkasi halikutulia. Walipofika mbele ya ngazi za jengo, hatua tano kutoka mlangoni mwao, akachuchumaa tena.

"Mkasi, hapana," Fundi akamsihi. "Baba, hapo hapana."

Mkasi alimtazama kwa huruma, akaendelea na shughuli yake.

Fundi aliinua macho. Ghorofa ya tatu muuguzi alikuwa ameegemea ukuta wa kibaraza, kikombe mkononi, anatazama chini. Mpangaji wa ghorofa ya pili alikuwa akitoka kwenda kazini, naye akasimama.

Fundi akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Ilikuwa ya mkewe. Gauni la buluu, ambalo hakuwahi kulimaliza. Kiuno thelathini na nne. Thelathini na nne imepigwa mstari, pembeni thelathini na moja. Nayo imepigwa mstari, ishirini na nane. Kila alipompima upya, mke alisema, "Punguza tu, nitanenepa tena," naye akapunguza. Chini kabisa, pale ambapo kwa wateja wengine aliandika utani, aliandika: Acha nafasi.

Akaikunja mikunjo yake ileile na kuirudisha mfukoni. Akakunja mkono wa shati. Akainama, goti likalalamika, na akazoa kwa mkono mtupu.

"Lo!" akasema mpangaji wa ghorofa ya pili, akarudi nyuma.

Fundi alikwenda mpaka pipani bila haraka, akarudi akachuchumaa, akazoa tena mpaka saruji ikabaki na doa tu. Mpangaji alikuwa keshaondoka. Fundi akasimama ameutenga mkono na mwili wake, asijue afungueje mlango, maana ufunguo ulikuwa mfuko wa upande huohuo. Ndipo akakumbuka kwamba mkono ule mara ya mwisho kushikwa na mtu ilikuwa msibani, watu wamepanga foleni, wakampa pole mmoja mmoja. Machozi yakamjia, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwani wa kushoto ulikuwa na kamba ya mbwa.

Akasikia kandambili zikishuka ngazi. Muuguzi alikuwa na jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Karatasi gani ile uliyoirudisha mfukoni?"

"Ya marehemu, Mama."

Muuguzi akasogea karibu. "Ungegonga. Magazeti ninayo tele."

"Ningesema nini?"

"Ungesema, nataka gazeti."

"Na baada ya hapo?"

Muuguzi akainua jagi. "Lete mkono," akasema.

Akamimina maji, akaweka jagi chini, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Akasugua kiganja, akapita katikati ya vidole, kimoja kimoja, akaenda mpaka chini ya kucha, jinsi wauguzi wanavyofundishwa. Akamimina tena. Akapaka sabuni tena. Mkasi alikaa pembeni akiwatazama.

Mkono ulikuwa umetakata tangu jagi lilipofika nusu. Fundi aliliona hilo, lakini hakuuondoa.