Kompyuta ya Kinu na Basi la Tinde

Epifania, mpika chai wa kinu cha pamba pale Shinyanga mjini, aliamka siku hiyo na jambo moja tu kichwani: jina la mjukuu. Jioni ile padri alikuwa apite kigango cha Tinde kubatiza watoto, na padri mwenyewe kule alipita kwa nadra kama mvua ya Agosti. Mwanawe Thobias, kwa kuchoshwa na maneno ya wazee, alikuwa amesema: bibi atakayefika kanisani akawahi kumjibu padri, atakalotaja ndilo jina. Epifania alitaka Otmar, jina la marehemu mumewe. Bibi wa upande wa pili, Melania wa Maganzo, mama yake Salvina mke wa Thobias, alitaka Telesphori, jina la marehemu wake yeye, mtu ambaye Epifania alimkumbuka kwa kukoroma katikati ya misa.

Shida ilikuwa basi. Basi la Tinde liliondoka saa tisa na nusu, kinu nacho kilifunga saa tisa na nusu, na kutoka kinuni hadi stendi ni mwendo wa kutafuna muwa mzima mpaka fundo la mwisho. Meneja hakuruhusu mtu atoke kabla ya king'ora, hata ungemwambia nyumba yako inaungua.

Zamani king'ora kilipigwa na mlinzi, Mzee Shaaban, kwa kutazama saa yake ya mkononi. Lakini mwaka ule, themanini na saba, kinu kilipata kompyuta, na kijana aliyesomeshwa kuitumia, Gelasius, akaiandikia programu ndogo. Programu ilisoma saa iliyomo ndani ya mashine, na wakati wa chai au wa kwenda nyumbani ukifika ililia pi-pi-pi. Mzee Shaaban akiisikia, ndipo alipozungusha mkono wa king'ora. Meneja alifurahi mpaka akaamuru saa ya mzee ifungiwe kabatini, isije ikabishana na kompyuta.

Mashine yenyewe ilikuwa na mambo. Umeme ukikatika ilisahau leo ni lini. Ukirudi, iliamka ikidhani ni Januari ya mwaka themanini, mpaka Gelasius aiambie upya tarehe na saa. Tena siku yake ilianza usiku wa manane.

"Kama wachawi," Epifania aliwahi kumwambia.

"Ndivyo ilivyotengenezwa, mama."

"Basi aliyeitengeneza hana kwao."

Mchana huo alimpelekea Gelasius chai ya tangawizi na sahani ya maandazi yaliyovimba vizuri.

"Gela mwanangu, hiyo saa ya humo ndani, si wewe unayeiambia?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukiiambia, inabisha?"

"Haibishi."

"Basi iambie saa tisa na nusu imefika, nimuwahi mjukuu wangu."

Gelasius alikataa mpaka andazi la pili. La tatu alilitafuna huku vidole viko kwenye vitufe. Akaisogeza saa mbele. Wakangoja. Kimya.

"Mbona imenuna?"

"Nimeipitiliza," alisema Gelasius akijikuna. "Programu inaingojea ile dakika yenyewe ya tisa na nusu. Nimeiruka. Ni kama abiria aliyesinzia akapitishwa kituo chake."

"Irudishe kidogo, basi, ishuke."

Akairudisha kidogo. Wakakikodolea macho kioo kama watu wanaochunga maziwa yasifurike. Pi-pi-pi!

Nje, Mzee Shaaban alitazama jua, akatazama dirisha la ofisi, akalitazama jua tena. "Mimi nina nini?" akasema. "Mwenye akili yuko mezani." Akazungusha.

Epifania alikimbia, kanga mkononi, kandambili moja ikimtangulia. Stendi alikuta vumbi, na Chiku muuza karanga.

"Basi la Tinde liko wapi?"

"Limekwenda, mayu, mama yangu. King'ora kilipolia tu, Majaliwa akatia gia. Si unajua dereva yule hana saa, anaendesha kwa king'ora chenu?"

Epifania akakaa chini pwaa. "Lakini saa tisa na nusu haijafika!"

"King'ora umekisikia au hukukisikia?"

"Nimekisikia. Ni mimi..." Akaufunga mdomo.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyechelewa."

"Humo ndani kulikuwa na abiria watatu na mbuzi," Chiku aliendelea, akipepeta maganda. "Mmoja ni mkwe mwenzako wa Maganzo. Kavaa kitenge kipya, anacheka peke yake."

Epifania aliona Telesphori mzima mzima anamshukia mtoto kichwani.

Kule kinuni, kama alivyokuja kusimuliwa, meneja alikuwa ametoka nje akakuta ua mtupu. Alibweka kiasi kwamba Gelasius, makombo ya andazi kifuani, aliirudisha saa ya mashine pale ilipostahili. Kumbe kwa mashine, saa tisa na nusu ilikuwa haijapata kufika kabisa. Ilipofika, pi-pi-pi! Mzee Shaaban, aliyekwisha acha kushangaa, akazungusha tena.

Wakati huo Majaliwa alikuwa pembezoni mwa mji, anaongeza maji kwenye rejeta. Akasikiliza. "Kumbe bado hatujaondoka," akamwambia kondakta, akageuza basi. Akarudi stendi akazima injini, ili aondoke kwa utaratibu.

Epifania alipanda kabla vumbi halijatulia.

"Dereva!" Melania alipiga kelele. "Sisi tumeshaondoka!"

"Mama, umeondokaje nawe uko stendi?"

"Tulifika mpaka darajani!"

"Ile haikuwa safari. Hukusikia king'ora?"

"Nimesikia viwili!"

"Basi kimoja si chetu."

"Hujambo, mkwe mwenzangu," Epifania alisema, akimsukuma mbuzi apate pa kukaa. "Kitenge kimekukaa."

Melania bado alikuwa na kesi na dereva. Alibishana naye njia nzima, akishindana na injini, mashimo na mbuzi: kama tulikuwa hatujaondoka, mimi nilikuwa wapi? Majaliwa akamjibu kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi. Alipiga kelele mpaka Tinde.

Kigangoni, padri aliuliza: "Mtoto huyu mnampa jina gani?"

Melania akasogea mbele, akapanua kinywa. Ikatoka sauti ya pampu ya baiskeli iliyotoboka.

"Otmar!" alisema Epifania, kwa sauti ileile aliyowaitia wapakia marobota kuja kunywa chai.