Siku Fupi za Tshilombo

Juma la mwisho la Mei 1975, Bilonda alikuwa anasonga bukari, ugali wa mahindi, pale mumewe Tshilombo alipopiga magoti kwenye kona ya jikoni na kuanza kuchimba sakafu ya udongo kwa mikono. Aprili nzima alikuwa amekula sahani tatu kila mlo, akanenepa. Sasa hakutaka chakula.

"Mi nachoka, Bilonda," alisema.

Alikuwa ameendesha tingatinga kwenye shimo la shaba, nje kidogo ya Kolwezi, miaka kumi na tisa. Kila alipoomba likizo aliambiwa angoje. Alijizika hadi mabegani, akafumba macho. Ngozi yake ikawa baridi na ngumu. Bilonda alimfunika kichwa kwa kitenge, akamalizia bukari yake.

Siku ya nne akaja msimamizi wa zamu. Alichungulia kona ile, akaandika jambo.

"Mama, siku tatu. Asipokuja kazini, nyumba inarudi kwa kampuni."

Bilonda alimwita jirani yake Kazadi, bwana shamba aliyechunguza wadudu wa maharage. Kazadi alimgusa Tshilombo shingoni.

"Huyu njo sawa na mbawakawa zangu," alisema. "Tangu Machi siku zimefupika dakika arobaini. Ubongo unahesabu mwanga. Ukiona umepungua, unanyamazisha tezi mbili ndogo nyuma yake. Homoni ikikosekana, mwili unalala, unakula mafuta yake."

"Ni mugonjwa?"

"Hapana, mama. Anapumzika. Mu mwezi wa kumi siku zitarefuka, atatoka mwenyewe."

"Na nikitaka atoke mbele ya siku tatu kuisha?"

Kazadi alitazama chini. "Jua likitua, umuwashie taa masaa mawili. Ubongo utadanganyika."

Bilonda alikaa kando ya mumewe mchana kutwa. Uso wake ulikuwa umetulia. Hakuwa ameuona hivyo tangu harusi yao. Jua lilipotua, aliwasha taa.

Jioni ya pili Tshilombo alifumbua macho.

"Njo mwezi wa kumi?"

"Hapana, tata. Ni Juni."

Alijipangusa udongo, na kulipokucha akavaa salopeti yake ya mgodini, akaenda kazini. Msimamizi alimwuliza ameamkaje, naye akamtajia taa.

Juma lililofuata fundi wa umeme wa kampuni alipita nyumba kwa nyumba, akifunga balbu juu ya kila kitanda cha mfanyakazi.

"Inazimwa wapi?" Bilonda aliuliza.

"Hii haizimwi, mama."

Ngazi ya fundi ilikuwa inayumba. Bilonda akamshikia.