Swali Lililoshuka Hadi kwa Ainebyona

Naila, binti wa mwenye duka la vitenge pale Omurushaka, alikuwa amesomea kompyuta. Alitamani kutengeneza video yake ya kwanza, aeleze kwa Kiswahili somo lililowatoa wengi jasho chuoni: kipande cha programu kinachojiita chenyewe. Somo hilo ndilo lililomkatisha tamaa rafiki yake Stephania, akaacha chuo na kurudi kwao Mabira.

Chumbani Naila alijirekodi, akafuta, akajirekodi tena. Kila akijisikiliza alisikia maneno ya mwalimu wao, si yake mwenyewe. Mwishowe akatia kompyuta mkobani, akapanda bodaboda kwenda Mabira kumwona mtoto wa Stephania aliyezaliwa karibuni.

Aliwakuta uani, kando ya kahawa iliyoanikwa: Bibi Mukandekezi, Anatolia bintiye, na Stephania binti wa Anatolia, akimnyonyesha Ainebyona, mtoto wa kike. Naila alitoa shikamoo, akakaa. Kisha akawatazama tena, mmoja baada ya mwingine, akatoa simu.

"Bibi, naomba niwarekodi. Nikikuuliza, kuanzia kwako kushuka mko vizazi vingapi, usihesabu. Muulize mwanao swali hilohilo, kuanzia kwake. Akikujibu, ongeza kimoja, chako."

Bibi akacheka, akamgeukia Anatolia. "Haya, kuanzia kwako kushuka, vizazi vingapi?"

Anatolia akamuuliza Stephania. Stephania akamwinamia mtoto. "Sasa huyu nitamuulizaje? Hana mtoto!"

"Hapo ndipo swali linapokoma," Naila akasema. "Asiye na mtoto hamuulizi mtu. Yeye ni kimoja."

"Kimoja," Stephania akamjibia mwanawe. Kicheko kikamwisha. Akainua macho polepole. "Viwili, mama."

"Vitatu, mama," Anatolia akasema.

"Vinne," Bibi akamalizia.

"Naila," Stephania akanong'ona, "swali ni lilelile moja. Hakuna aliyetuhesabu wote, na jibu limepatikana!"

Bibi alikuwa bado anawaza. "Na mama yangu angekuwepo, akaniuliza?"

"Ungemjibu vinne, naye angesema vitano."

"Na mama yake?"

"Sita, Bibi."

"Na aliyemzaa huyo?"

Naila akaanza kuhesabu, akaacha. Programu inayojiita yenyewe alikuwa ameiandika mara nyingi, lakini leo aliwaona wanawake asiowajua hata majina, kila mmoja amemwinamia bintiye, anangoja jibu kutoka chini. Na jibu lilikuwa linaanzia kwa kichanga aliyesinzia kifuani. Ua mzima ukanyamaza.

Stephania akampa mama yake mtoto, akaivuta kompyuta. Aliandika mistari michache, akafuta mmoja, akaandika tena, akabonyeza. Nne ikatokea. Akamwongeza mama wa Bibi. Tano. Akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimlengalenga.

Naila alipoihariri video hakuukata ule ukimya, aliuacha wote. Haikupita wiki tangu aiweke mtandaoni, mwanamke mmoja wa Nkwenda akaandika chini yake kwamba ameitazama na mama yake mzazi, wakaulizana wao kwa wao, na sasa anataka kujua hiyo programu inaandikwaje.

Stephania alipopiga simu, hata hakuitaja video.

"Chuo kinafungua lini?" akauliza.