Profesa na Alama ya Ng'ombe

Mfasiri alikuwa amemaliza kutafsiri programu ya kutunzia kumbukumbu za mifugo, na kila neno alikuwa amelipima. Ndipo akaja mtengeneza programu, ambaye ofisi nzima ilimwita Profesa kwa dhihaka, naye akaona anasifiwa. Aliandika amri moja kwenye skrini nyeusi, akabonyeza, na mafaili yote yakasafishwa: nukta tatu zinazofuatana zikaungana kuwa alama moja, na alama za kunukuu zilizosimama wima kama misumari zikapinda vizuri.

"Sekunde mbili, dada," alisema mbele ya meneja. "Wewe ungechukua wiki nzima."

Mfasiri alivuta kiti, akasoma. Ile amri ilidhani kila alama ya wima, hata ile ya ng', inafungua au inafunga nukuu. Penye maneno ng'ombe wa ng'ambo, ng'ombe alifungua nukuu na ng'ambo akaifunga.

"Umesoma hata sentensi moja?"

"Kusoma si kazi yangu. Halafu ni vialama tu, nani ataviona?"

Mfasiri hakubishana na mtu wa namna hiyo. Alimwomba meneja aandike ng'ombe kwenye kisanduku cha kutafutia. Meneja akaandika kwa kidole kimoja, kwa alama ya wima ya kibodi, si ile iliyopinda ya kwenye mafaili. Hakikupatikana kitu. Akajaribu tena.

"Programu ya mifugo haina ng'ombe?" meneja aliuliza polepole.

Profesa akaanza kueleza mambo ya kompyuta. Mfasiri alimsikiliza kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja, kisha akarudisha nakala yake ya jana. Zile nukta tatu alizirekebisha mwenyewe, moja moja, bila kumtupia Profesa jicho.