Meza Haitoki Nje

Zambarau ilianzia pembeni, chini mkono wa kulia, kama wino uliomwagikia kitambaa kibichi. Ikapanda. Ilipofika katikati ya kioo cha kompyuta, herufi zilizokuwa zimesimama wima zikaanza kuinama moja moja, kama watu wanaopita mlango mfupi. Nikabonyeza, nikafuta, nikabonyeza tena. Mstari wa kwanza ulikuwa bado unasomeka. Wa pili ukageuka kijani, ukapindana, ukazama.

"Ndiyo barua yangu hiyo?" aliuliza Mwanamina.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, viatu mkononi, matope ya kule delta yamemkaukia miguuni hadi magotini.

"Ndiyo inakuja, dada. Inavaa kwanza."

Watu wa barazani wakacheka. Mwanamina hakucheka.

Na angechekaje? Shamba lake la mpunga, lililo nyuma ya mikoko, lilikuwa limechorwa ndani ya ramani ya kampuni moja iliyotaka kuchimba mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari yakishafunguliwa yaingie pale, mpunga hauoti tena, si kwake wala kwa wajukuu. Kamati ya ardhi ilikuwa Kibiti kupokea mapingamizi, na siku hiyo ndiyo ya mwisho. Gari lao lingeondoka baada ya swala ya alasiri. Barua ya mkono alikwishaipeleka, karani akamrudishia bila kuisoma: wanapokea zilizopigwa chapa tu. Mashine ya chapa ya ofisi ya kata haikuwa na utepe. Ofisi mpya ya kuchapa, ile ya karibu na soko iliyoanza kuninyang'anya wateja, ilikuwa imefungwa, mwenyewe yuko msibani Bungu. Nikabaki mimi na kioo changu cha zambarau, na adhuhuri imeshaadhiniwa.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za Elinino. Soko huria lilikuwa limefika hadi kwetu, kila mwenye baraza ana duka, na mume wangu Gharibu, dereva wa malori ya kusini, alirudi siku moja kutoka Dar na kompyuta iliyotumika imefungwa ndani ya godoro. Majirani walidhani kaleta maiti. Tukaiweka chumba cha mbele, juu ya meza ya mninga aliyoiacha marehemu baba mkwe, tukavuta waya wa jenereta dirishani, na mimi, niliyejifunza kuchapa kwa kukaa karibu na wanaochapa, nikawa mwenye ofisi. Kusema kweli sikuwa napenda kuchapa. Nilipenda watu. Mtu akija kuandikiwa barua ya posa, au ya kumshitaki shemeji yake, unaijua Kibiti nzima bila kuondoka kitini. Barazani hapakosekani wa kusubiri, wa kusindikiza, na wa kupita tu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanabibi, alikaa nao tangu asubuhi na kahawa yake, na nyumba ikijaa uso wake ulinawiri kama wa bibi harusi.

Miezi ile lakini nyumba ilikuwa imepungua watu. Tangu ile ofisi ya sokoni ifunguliwe, kulikuwa na siku tulizokaa wawili tu, mimi na yeye, tukiwatazama wapitao.

Siku ya Mwanamina palijaa, kwa sababu ya ubovu. Kitu kikiharibika kwetu huvuta watu kuliko ngoma. Tabu, muuza kalimati, alishaweka beseni lake chini ya dirisha na kuingiza kichwa ndani.

"Shoga, hilo si la umeme. Hilo lina mwenyewe."

"Tabu, uza kalimati."

"Nauza. Macho yangu hayauzi kitu."

Nikamwita Miraji, fundi redio wa jirani na rafiki wa Gharibu. Alikuja na bisibisi sikioni kama kalamu. Akaanza na jenereta, akaisikiliza, akawasha taa ya chumbani: taa haikupepesa. Basi si umeme. Akashika waya unaotoka nyuma ya kioo, akauchomoa, akatazama vijino vyake kimoja kimoja kama mganga wa meno, akanyoosha kimoja kilicholala, akaurudisha na kukaza. Zambarau palepale. Akazima. Akawasha. Kioo kikalia dum, kikatetemeka kama uji wa muhogo, na kwa muda wa kuvuta pumzi kikawa cheupe safi. Mwanamina akasogea. Doa likarudi kona ileile.

"Haya," alisema Miraji, kwa sauti ya mtu aliyeanza kufurahi. Akakivuta kioo kidogo kuelekea ukingo wa meza. Doa likahama, likawa dogo. Akakirudisha, likakua. Akakisogeza upande wa pili, nalo likasogea upande wa pili, kama mbuzi anayemjua mchungaji wake.

"Shemeji, kioo hakiumwi," akasema. "Panapoumwa ni hapa kilipokaa."

Kwetu maneno kama hayo hayaanguki chini. Mwaka mmoja kabla, mama mmoja wa Umwe aliyekuwa na hoteli ya chai kando ya barabara aliokotewa kifurushi chini ya jiko lake. Hakuna aliyejua ni nini. Hakuna aliyeuliza. Watu waliacha tu kunywa chai yake, kisha wakaacha kumwitikia salamu, na kabla ya masika alikuwa ameng'oa mabati na kuondoka. Habari ile niliipokea na kuipeleka kama wenzangu. Niliijua vizuri jinsi inavyosafiri.

"Tuitoe meza barazani," alisema Miraji. "Waya utafika. Niiangalie juu chini, kama kuna chuma ndani ya mbao nitakiona."

Vijana wawili wakainuka. Nikaanza kuondoa makaratasi.

"Meza haitoki nje," alisema mama mkwe.

Alikuwa mlangoni. Sikumwona alipoinuka. Kikombe cha kahawa kilikuwa bado mkononi.

"Mama, ni dakika moja tu," nikasema.

"Meza ya marehemu. Haitoki."

"Bi Mwanabibi," alisema Tabu kwa upole wa paka, "si juzi ilitoka mkaanikia samaki?"

Watu wakaguna. Mwanamina akanitazama mimi, akamtazama mama, akatazama nje: kivuli cha mnazi kilikuwa kimeanza kuvuka uwanja.

"Bibi," alimwambia mama mkwe, sauti yake ikiwa chini, "mimi sina siku nyingine."

Mama aligeukia upande wangu. Alinitazama. Nimeishi na yule mwanamke miaka mingi, nimemwona akizika, nimemwona akicheza ngoma ya mwali kiuno kikisahau umri, lakini macho yale sikuwahi kuyaona kabla wala baadaye. Hayakuwa ya hasira. Yalikuwa yanaomba.

Nikasema, "Ngojeni kwanza, nijaribu plagi ya chini."

Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza hadi mabegani. Gizani, kwa vidole, nikapapasa upande wa ndani wa ubao. Buibui. Msumari. Kisha uzi, uzi mpya uliokazwa, na kwenye uzi kifurushi cha kitambaa, kidogo kama andazi, kizito kuliko ukubwa wake. Kilinukia ubani na kitu kingine kichungu. Nilipokigusa, pini ya ushungi iliyokuwa begani mwangu ikajivuta kuelekea kwake.

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja. Safari ya mama kwenda kijiji cha Mkongo, aliyosema ni ya kumjulia hali mgonjwa. Zile dua zake chumba cha mbele alfajiri ya siku hiyo. Wapo wanaotengeneza dawa ya mvuto, na kwa mvuto wa wateja hutia sumaku, maana kinachovuta chuma, wanasema, kitavuta na mtu. Alikuwa ameifunga pale alipoona ndipo penye moyo wa biashara yangu, chini ya kompyuta kabisa, ili nyumba ijae.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wote dirishani, wananingoja nitoke.

"Umeona nini?" Miraji aliuliza.

"Giza," nikasema. Nikakata uzi kwa meno. Kifurushi nikakizamisha kwenye pindo la kanga ya juu, nikaikaza kiunoni, nikatoka nikijipangusa vumbi.

Kioo kikawa cheupe. Si cheupe kabisa, lakini barua ilionekana, mistari imenyooka. Mwanamina akashusha pumzi. Nikaketi kitini, nikasogea mbele nianze, na zambarau ikaja kunilaki, safari hii kutoka upande wangu.

Nikarudi nyuma. Ikapungua. Nikasogea. Ikaja.

"Eh," alisema Tabu. "Kumbe linamfuata mwenye nyumba."

Hakuna aliyecheka. Nikimpa Miraji kifurushi, nimekitoa mbele ya watu wote. Nikitoka nacho nje, nitapita katikati yao na kioo kitapona nyuma yangu huku wanatazama. Nikikaa nacho, Mwanamina atarudi delta mikono mitupu akawaambie wanawe waanze kutafuta pa kulima.

Miraji aliangalia kiuno changu. Alikuwa fundi wa spika. Hakuna aliyeijua sumaku kuliko yeye. Akainua macho taratibu, akayapeleka mlangoni kwa mama mkwe, kisha akayashusha kwenye bisibisi yake.

"Nimeshaona," akatangaza. "Ni waya wa jenereta, unavuja. Zima huko nje! Nyie wa dirishani tokeni, msije mkapigwa na umeme bure. Wewe Tabu, beseni lako ni la bati."

Tabu alichukua beseni lake kwa haraka ambayo sikuitegemea. Jenereta ikanyamaza. Vijana wakamfuata Miraji nje kumtazama akizungushia utepe waya usio na jeraha lolote.

Nikavua kanga ya juu, nikaikunja mara mbili, kifurushi kikiwa katikati.

"Mama," nikasema, "joto limenizidi. Nishikie."

Aliweka kikombe chini. Akaipokea kwa mikono miwili, na mikono ikashuka kidogo kwa uzito. Hakunitazama. Alisimama hivyo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine, kisha akageuka, akapita ukumbini hadi uani, na nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa.

Jenereta ikanguruma. Kioo kikalia dum, kikatetemeka, kikatulia. Cheupe kote, hadi pembeni.

"Sema, dada," nikamwambia Mwanamina.

Alipoanza, alianza kwa lugha ya ofisini, ya kuazima: anayo heshima kubwa, anaomba kwa unyenyekevu. Katikati akakwama. Akaweka viatu vyake chini.

"Futa hiyo. Andika kwamba kitovu changu kimezikwa pale. Andika kwamba mama yangu alifia juu ya dungu la kulindia mpunga, anafukuza ndege, na hatukuacha kuvuna mwaka ule. Andika hivyo hivyo ninavyosema."

"Watasema si barua ya serikali."

"Wataisoma lakini."

Nikaandika hivyo hivyo. Vidole vyangu havijawahi kwenda namna ile. Printa ilikohoa, ikatema karatasi moja, ikafikiri, ikatema ya pili. Mwanamina aliweka dole gumba chini ya jina lake na kutoka bila viatu. Tulimsikiliza akikimbia. Kule msikitini watu walikuwa wanatoka swala, na gari la kamati lilikuwa tayari linawashwa.

Aliwahi. Karani alipokea akiwa na mguu mmoja ndani ya gari.

Jioni barazani walinibana wanipe habari kamili, na mimi ndiye niliyewazoesha kwamba kwangu habari hazikosekani. Nikawapa waya. Nikaupamba, nikasimulia jinsi ulivyokuwa umeliwa na panya, ukubwa wa panya, mahali alipoingilia. Tabu alisikiliza mpaka mwisho, akalamba sukari vidoleni.

"Waya," akasema. "Haya."

Nyumba haikujaa kama mama alivyotaka. Wala watu hawakuihama.

Mwaka uliofuata, mpunga ulipovunwa, Mwanamina alishuka mbele ya baraza yetu na kikapu kichwani. Mpaka wa mabwawa ulikuwa umesogezwa. Shamba lake lilibaki nje, la jirani yake liliingia, na hilo alilisema polepole, bila furaha. Alituletea mchele mpya, ule mwekundu unaonukia ukiwa bado haujaiva. Mama mkwe aliupika mwenyewe, hakukubali nimsaidie hata kuchota chumvi. Tukala kwenye sinia moja, wanawake watatu.

"Mdogo wangu," Mwanamina aliniuliza, "ile mashine siku ile ilikuwa na nini hasa?"

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya wali.

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu. Mimi sijawahi kuyakosa. Nikachagua kipande kizuri cha samaki, cha mgongoni, nikakitoa mwiba, nikakisukuma upande wa mama.

"Kula, dada," nikamwambia Mwanamina. "Wali unapoa."