Kituo cha Mama yake Bi Zeyana

Bibi yangu, Bi Zeyana, alitoa sharti moja tu kwa harusi yangu: nipelekwe kwa mume kama alivyopelekwa mama yake, kwa gari la moshi, na nishuke kituo kile kile cha njiani, kabla ya kufika Bububu. Bila hivyo haji. Reli yenyewe iling'olewa zamani, na Bibi mwenyewe hakuwahi kuiona. Lakini nani wa kumwambia?

Kaka yangu Mundhir, ambaye akili zake anazijua Mola, aliazima trekta na tela. Mbele akafunga pipa lenye bomba, ndani akawasha makumbi ya nazi. Nikaha ilishafungwa asubuhi. Alasiri tukaondoka Darajani, mimi, Bibi na shangazi zangu telani, tukiimba na kukohoa. Moshi wote ulitujia sisi. Nilifurahi kama mwehu.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua kituo kilikuwa wapi. Mtoni mzee mmoja aliapa kilikuwa barazani kwake. Kibweni wakatokea watatu, kila mmoja na baraza yake. Kila mahali Bibi alishuka, akatazama, akatikisa kichwa, akapanda tena, na uso wake ukazidi kunyong'onyea. Hapo nikaingiwa na huzuni. Sisi tulikuwa tunacheza, kumbe mwenzetu anamtafuta mama yake.

Mbele kidogo, kwenye banda la fundi pancha, bomba likaanguka na trekta likazimika. Tukashuka, nyuso zetu nyeusi kwa masizi. Masoud, mume wangu, aliyekuwa akitungoja Bububu mpaka akachoka, akatufikia na vespa yake. Akaja moja kwa moja kwangu, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, bi mkubwa. Bi harusi yuko wapi?"

Shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini, na magauni yao ya harusi. Mimi nilishikilia tairi nisianguke. Nilipogeuka, Bibi naye alikuwa chini, anacheka, machozi yanamchuruzika.

"Ndo hapa," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Mama hakunambia kituo kiko wapi. Kanambia tu, aliposhuka na masizi yale, mume hakumjua, na wanawake wote wakacheka mpaka wakakaa chini."

Nikampa mkono nimwinue. Akausukuma taratibu.

"Tangulieni," akasema. "Nataka kukaa naye kidogo."